Kumbukumbu za Mkutano, Ngara

Waliohudhuria: saba. Aliyetuma udhuru: mmoja,
Kocha Wangila, ambaye goti lake la zamani
limempeleka tena hospitali.
Chai iliingia saa nne na robo. Mandazi yalihesabiwa.

Mimi huandika tu. Sina kura.
Miaka kumi na mmoja nimekaa pembeni mwa meza hii
nikisikia "kwa manufaa ya wanamichezo"
muda mfupi kabla ya kutajwa posho.

Ajenda ya tatu: vyuo viwili vya kuongeza.
Ligi ina vinane; mdhamini anataka kumi,
idadi inayokaa vizuri kwenye bango.
Vimeomba vitano.
Vimechomekwa kwenye ramani ukutani
kwa pini za fundi cherehani,
na Bwana Mwachofi anapima umbali kwa uzi,
Ngara hadi kila kichwa cha pini,
kisha anaulaza uzi juu ya rula ya shule.

Kile cha Barabara ya Thika:
nyasi bandia, taa nne ndefu,
na kalenda kwa kila mjumbe, Januari hadi Desemba
mkuu wa chuo akitabasamu.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Profesa Ndwiga.
Kikapita chai ikiwa bado moto.

Cha Athi River kina warefu watatu wa mpira wa vikapu
walionunuliwa, yasemekana, kwa karo ya bure.
Nikaambiwa nisiandike "yasemekana".
Nikaandika "warefu watatu".

Viwili vilianguka kwa sababu ya vyoo.

Kikabaki kile cha ualimu, ng'ambo ya Isiolo.
Uzi ulipita mwisho wa rula
ukaning'inia.
Bi Zamzam Golicha ndiye aliyekwenda kukikagua,
siku mbili njiani, vumbi bado limo kwenye mishono ya mkoba.
Akasema: mistari ya uwanja ni ya majivu.
Upepo wa usiku huifuta,
wasichana huichora tena kabla ya uji.
Kijiti cha kupokezana ni mpini wa jembe, umekatwa,
umepigwa msasa hadi ukang'aa.

Mtu akacheka kidogo, bila ubaya.

"Nikaupima uwanja," akasema. "Mara mbili.
Mzunguko mmoja ni mita mia nne na sita.
Aliyewachorea alikosea, akahamishwa,
na hakuna aliyewahi kuwaambia."

Kimya. Mvua ya Aprili kwenye mabati ya gereji jirani.
Nani atalipa mafuta? akauliza Bwana Mwachofi,
na swali lake si baya, nimeliandika lote.
Mikono mitatu ikapanda.
Minne ikabaki imeshika vikombe.

Pini ikang'olewa. Ramani imebaki na tundu
dogo kama la sindano ya chanjo.

Mkutano ulifungwa saa saba kasoro dakika tano.
Nikaachiwa kuandika barua.
Barua hii naijua kwa moyo: tunashukuru, tunasikitika,
tunawatakia kila la heri, karibuni tena msimu ujao.
Niliwahi kuipokea, miaka hiyo ningali naruka juu
katika chuo kidogo kisichokuwa na godoro,
nikatua juu ya magunia ya maganda ya kahawa.

Nikapiga chapa hadi "kila la heri". Nikasimama.
Nikavuta karatasi ya matokeo waliyotuma na ombi lao,
karatasi ya mistari, wino wa kijani.
Darmi, mita elfu tano: dakika kumi na saba na sekunde arobaini.
Chini yake wameandika: *bado tunajitahidi.*

Mizunguko kumi na miwili na nusu, mara mita sita.
Sabini na tano amekimbia ambazo hakuna aliyemhesabia.

Sikuomba ruhusa. Kura sina,
ila karatasi yenye nembo ninayo.
Nikaongeza aya moja:

Mwambieni Darmi aondoe karibu sekunde kumi na sita.
Uwanja wenu ni mrefu kuliko wetu.